Mbegu Inapolala Dukani

Mwishoni mwa Januari nilipita Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, nikaingia kwenye duka la pembejeo ninakonunua mbegu. Ilikuwa siku ya kumi na nane bila mvua. Mwenye duka, mama wa makamo aliyeianza kazi hii enzi za vocha za ruzuku ya pembejeo, alikuwa ameshusha pakiti zote za mahindi kutoka kwenye shelfu na kuzipanga juu ya kaunta, anazihesabu kwa kidole. Pakiti za kilo mbili, chotara ya muda mfupi, yaani inayokomaa haraka. Kati ya 150 alizoleta Novemba, zimebaki 64.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu utuone tulivyolala na mzigo."

Nikamuuliza kama aliyemuuzia anaweza kuzichukua. Akatikisa kichwa. "Mali ikishashuka kwenye gari ni yako. Ikiuzika yako, ikioza yako." Kisha akaanza kuzirudisha kwenye shelfu moja moja, zile zenye lebo iliyochubuka akizitanguliza nyuma.

Nimeziwaza sana pakiti zile 64. Kila msimu tunapojadili kwa nini mkulima mdogo hapandi mbegu bora, mjadala huenda njia mbili: ama mbegu feki zimejaa sokoni, ama mkulima haelewi. Viongozi wanaahidi kuwabana wadanganyifu, miradi inaleta mafunzo na mashamba darasa. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini kuna swali ambalo silisikii likiulizwa, na mimi naona ndilo linaloamua mbegu ifike au isifike: pakiti ikibaki, hasara ni ya nani? Kila nilikouliza nimepata jibu lile lile. Ni ya mwenye duka, mtu mwenye mtaji mdogo kuliko wote kwenye safari nzima ya mbegu.

Tuifuate safari yenyewe. Mtafiti anazalisha aina mpya, kampuni au Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, anaizidisha mashambani, TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu pale Morogoro, inakagua shamba, inapima sampuli na kutoa lebo. Mzigo unakwenda kwa muuzaji wa jumla mkoani, unashuka kwa duka la mji mdogo kama Kibaigwa, na pengine kwa kibanda cha kijijini. Duka la mji mdogo hulipa taslimu. Benki haina haja na mtu ambaye dhamana yake ni shelfu la pakiti, hivyo fedha hutoka kwenye VICOBA, kwa ndugu, au kwenye ile mikopo ya kausha damu. Oda huandikwa Septemba au Oktoba mwanzoni, wakati Mamlaka ya Hali ya Hewa bado haijatoa utabiri wa mvua za msimu au ndiyo kwanza inautoa. Mkulima, kwa upande wake, hanunui mpaka aone mvua. Mauzo ya mbegu ya mwaka mzima yanakaa ndani ya wiki tatu, pengine nne.

Sasa jiweke kwenye kiti cha yule mama. Pakiti moja anainunua 14,000 na kuiuza 16,000. Faida ni 2,000, nayo haijatoa pango la fremu, nauli ya mzigo wala riba. Pakiti moja ikibaki, imekula faida ya pakiti saba zilizouzwa. Msimu huu ameuza 86, amepata 172,000. Zilizobaki zimemlalia na 896,000. Hapo hajaibiwa wala hajafanya uzembe. Mvua tu imekatika.

Kila anayeagiza mbegu anaweza kukosea kwa namna mbili. Akiagiza chache, wakulima watakosa, lakini yeye hatapoteza kitu. Akiagiza nyingi, wakulima watapata, na hasara ataibeba mwenyewe. Kosa la kwanza linalipwa na kijiji, la pili linalipwa na duka. Mtu mwenye akili zake, mwenye watoto shuleni, atachagua lipi? Ndiyo maana kila mwaka mvua zikianza vizuri tunasikia kilio kile kile: mbegu imekwisha, aina tuliyoizoea haipo, imebaki ile isiyofaa ardhi yetu. Watu husema kampuni hazizalishi za kutosha, na kwa baadhi ya aina ni kweli. Mara nyingine mbegu ipo ghalani mkoani, ila hakuna aliyethubutu kuisogeza kilomita mia moja za mwisho.

Na zile 64 zitakwenda wapi? Zitauzwa Novemba ijayo. Hapa ndipo tatizo la upatikanaji linapogeuka kuwa tatizo la ubora.

Mbegu ni kiumbe hai kilicholala. Inapumua polepole na kuzeeka, na vinavyoiharakisha kuzeeka ni joto na unyevu. Wataalamu wa hifadhi wana kanuni ya mkono inayojulikana tangu karne iliyopita: kila unapopunguza unyevu ndani ya punje kwa asilimia moja, au kushusha joto la mahali ilipo kwa nyuzi tano, umri wake unakaribia kuongezeka maradufu. Igeuze kanuni hiyo upate duka letu. Bati bila dari, ukuta wa magharibi unaopigwa na jua kuanzia saa nane, milango inayofungwa saa kumi na mbili jioni joto likiwa bado ndani. Katika duka la pembejeo, tena, mbegu inakaa pamoja na mbolea inayovuta unyevu na viuatilifu vyenye harufu inayokukamata kooni. Pakiti iliyotoka kiwandani nzima, yenye lebo halali, inaweza kukaa humo miezi kumi na miwili na kutoka ikiwa na nusu ya uhai wake.

Haya nayasema kwa kuwa yalinikuta. Mwaka juzi nilinunua mbegu katika mji mwingine, nikapanda ekari tatu. Siku ya kumi shamba lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeota meno. Nilimlaani muuzaji kwa kila jina, nikasema feki, nikawaambia na majirani. Bwana shamba, mtu mtulivu, akaniomba pakiti niliyobakiza. Akakwangua namba ya lebo na kuihakiki kwa simu, ikaleta jibu kwamba ni halali. Akahesabu punje 100, akazipanga kwenye kipande cha gunia kilicholoweshwa, akakikunja, akaniambia nikiweke kivulini na kukinyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya saba tulikifungua pamoja. Zilizoota vizuri zilikuwa 58. Nyingine zilikuwa zimevimba na kulainika, rangi ya dawa imechujuka ikabaki waridi hafifu. Kisha akanionyesha tarehe kwenye lebo. Ilikuwa ya msimu uliotangulia.

Sisemi feki hazipo. Zipo, na wanaochukua mahindi ya kula, wakayapaka rangi na kuyafunga kwenye pakiti, wanastahili mkono mzito wa sheria, kwa sababu wanamwibia mtu mwaka mzima. Ninachosema ni kwamba neno feki limekuwa kapu la kutupia kila mbegu isiyoota, na kwa kufanya hivyo tunakosea dawa.

Utafiti nao umepita njia ya namna hii. Mwaka 2017 wachumi walichapisha matokeo kutoka Uganda yaliyotikisa wengi: mbegu chotara za mahindi zilizonunuliwa madukani zilionekana kuwa na chini ya nusu ya mbegu halisi, na mbolea ilipungukiwa asilimia 30 ya virutubisho. Matokeo hayo yalinukuliwa kila mahali, na muuza pembejeo akawa mshtakiwa namba moja. Hayakunukuliwa sana yaliyofuata. Watafiti wengine walifuatilia mbegu za Uganda hatua kwa hatua, wakapima hadi vinasaba, na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mbegu inachakachuliwa inaposhuka kuelekea dukani. Wakaelekeza macho kwenye utunzaji na uhifadhi. Hapa kwetu, mkoani Morogoro, walipopima mbolea za madukani waliikuta iko kwenye viwango, ilhali wakulima wengi waliamini imechakachuliwa, hasa wakiona imeganda mabonge. Shaka inaweza kuua biashara ya bidhaa nzima na salama. Mkulima akishaamini duka linamdanganya, mwaka unaofuata anarudi kwenye mahindi ya kihenge chake, na pakiti zinazolala zinaongezeka. Zikiongezeka, zinazeeka. Zikizeeka, anathibitisha alichoamini.

Haikuwa hivi siku zote. Kampuni ya mbegu ya taifa, TANSEED, ilianzishwa mwaka 1973, na pembejeo zikapita kwenye vyama vya ushirika, na vilipovunjwa mwaka 1976 zikapita kwenye mamlaka za mazao. Mfumo ule ulikuwa na maovu yake: kuchelewa, madeni yasiyolipika, mbegu ya aina moja kwa nchi yenye milima na nyika. Lakini mbegu iliyobaki ilikuwa ya umma. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, ruzuku zikaondolewa na kazi ya kufikisha mbegu ikaachiwa watu binafsi. Hasara ya mbegu inayobaki nayo ikahama kimya kimya kutoka kwenye daftari la ushirika kwenda kwenye pochi ya mama wa Kibaigwa. Sikumbuki kuona waraka wowote wa sera uliosema hivyo wazi.

Vocha za pembejeo zilipokuja, kuanzia msimu wa 2008/09, maduka yalichipuka hata mahali ambapo hayajawahi kuwapo. Mteja alikuja na karatasi inayolipa sehemu ya bei, na duka likaipeleka benki. Kwa muda ilileta uhai. Lakini malipo yalipochelewa, mtaji ulilala tena, safari hii si kwenye shelfu bali kwenye makaratasi yanayosubiri kuhakikiwa. Wapo waliofunga fremu na hawakurudi. Kweli, wapo pia waliogushi sahihi za wakulima, na hao waliwachafua wengine wote. Ruzuku ya mbolea ya tangu 2022/23, ya wakulima kusajiliwa na kupewa namba, imerekebisha mengi ya zamani. Hata hivyo kila mpango wa ruzuku una athari moja ambayo watunga sera huisahau: tangazo likitolewa mwezi Septemba kwamba bei itashuka, mkulima anaacha kununua na kusubiri, na mwenye duka anaacha kuagiza kwa kuwa hajui atauza kwa bei gani. Mvua haisubiri.

Tunawaita watu hawa mawakala wa pembejeo. Neno lenyewe linatuumbua. Wakala ni mtu anayeuza mali ya mwenziwe kwa niaba yake na kubaki na kamisheni. Wakala wa bima habebi hasara ya bima asizouza. Wauza magazeti waliorudisha nakala zilizobaki jioni, hao ndio walikuwa mawakala. Muuza mbegu amenunua kwa fedha yake, anabeba hatari yote, lakini anapewa jina la mtu asiyebeba kitu. Na usajili anaoutafuta ni wa mtu mzima kabisa: TOSCI kwa mbegu, TFRA kwa mbolea, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa dawa, juu yake leseni ya biashara na kodi. Kila mamlaka ina sababu ya kuwapo, sumu si kitu cha kuuzwa na yeyote. Lakini milango mitatu kwa fremu moja ya futi kumi ni mingi, na wanaoshindwa kuipita hawaachi kuuza, wanauza gizani.

Kwa hiyo ninachopendekeza kina jina la zamani ambalo kila mfanyabiashara wa Kariakoo analijua: mali kauli. Unachukua mzigo kwa kuaminiana, unauza, unalipa ulichouza, unarudisha kilichobaki. Nguo zinauzwa hivyo, vipuri vinauzwa hivyo. Mbegu inastahili kuliko vyote, kwa sababu kinachoamua mauzo yake ni mawingu, na hakuna ustadi wa kuuza unaoweza kuyashinda. Kampuni ndiyo yenye ghala lenye ubaridi, maabara, magari, na wateja katika mikoa mingi. Hasara inayomuua mtu mmoja Kibaigwa, kwa kampuni inayouza kanda zote ni mvua mbaya ya mahali pamoja, inayofidiwa na mvua nzuri ya mahali pengine.

Na jiografia yetu inatusaidia kuliko tunavyotambua. Kanda ya kati na nyanda za juu kusini zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na Desemba. Kaskazini, pwani na sehemu za Morogoro na Tanga zina vuli na masika, na masika hupandwa kuanzia mwishoni mwa Februari na Machi. Pakiti inayobaki Kongwa mwishoni mwa Januari ina mwezi mzima kabla ya msimu mwingine kuanza katika kanda hizo. Aina ya muda mfupi inayovumilia ukame wa Kongwa si ngeni kwa mkulima wa Handeni, kule Tanga. Barabara ya lami inapita mlangoni. Kampuni ikikusanya kilichobaki kwa tarehe iliyokubaliwa, ikakipima uotaji upya na kukipeleka kunakopandwa, mbegu hiyo itakuwa ardhini ikiwa na miezi minne tangu ifike dukani, badala ya kungoja kumi na mbili chini ya bati.

Nimeshaambiwa pingamizi. Bei itapanda, kwa kuwa kampuni itaingiza gharama ya kurudisha. Inawezekana, kidogo. Lakini mkulima anailipa gharama hiyo sasa hivi, tena kwa njia ghali kuliko zote: anainunua mbegu iliyozeeka kwa bei ya mpya, anarudishia mapengo, anavuna nusu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mwenye duka asiyebeba hasara ataagiza bila kufikiri, na mengine atayaachia panya. Hilo ni kweli, ndiyo maana si lazima arudishe yote bila kuguswa. Abaki na sehemu, tuseme pakiti moja kati ya tano zinazobaki, au alipie nauli ya kurudisha. Aguswe kiasi cha kumfanya afikiri, asiguswe kiasi cha kumfanya aogope.

Duka hata hivyo haliwezi kubeba kila mbegu, na tuache kulidai hivyo. Angalia shelfu yoyote ya pembejeo: mahindi chotara, nyanya, kabichi, vitunguu, matikiti, siku hizi alizeti. Tafuta karanga. Kongwa hii hii ndiyo Waingereza walikomwaga fedha kuanzia 1947 kwa mradi wa karanga uliozikwa mwaka 1951, na leo ukitaka mbegu ya karanga iliyothibitishwa katika mji huu utazunguka siku nzima. Aina nzuri zimo, Pendo, Mnanje na nyingine zilizotoka kituo cha Naliendele. Lakini ekari moja inataka zaidi ya kilo 30 za karanga zilizobanguliwa, wakati mahindi yanataka kilo 10 au pungufu. Karanga ni nzito, zinaharibika haraka, na mkulima akizinunua mara moja anajiwekea zake miaka kadhaa. Hali ni hiyo kwa maharage, kunde, mtama. Mwenye duka anayeishi kwa mzunguko hawezi kufuga mali inayouzwa mara moja kwa miaka mitatu.

Mbegu hizo zinapita kwingine. Shawn McGuire na Louise Sperling, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na kugusa nchi tano za Afrika ikiwamo Kenya na Kongo, pamoja na Haiti, walikuta karibu asilimia 90 ya mbegu za wakulima wadogo zinatoka nje ya mfumo rasmi, na zaidi ya nusu ya hizo zinatoka kwenye masoko ya kawaida. Yaani kwa mama anayeuza maharage kwa kisado, ambaye ukimwambia "nataka ya kupanda" anainama na kukutolea gunia jingine lililokaa chini ya meza. Kwake ndiko mbegu mpya ya maharage inakopaswa kupitia, na kwa wakulima waliofundishwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zenye ukaguzi mwepesi kuliko zilizothibitishwa, ambao sheria yetu inawatambua na wanaouzia majirani zao wenyewe. Mbegu ikitoka jirani, huhitaji lebo kuamini: shamba ililotoka umeliona.

Kuna kazi nyingine ya duka ambayo haimo kwenye hesabu yoyote, nami siwezi kuiacha. Siku ya mvua ya kwanza nenda kasimame kwenye kaunta. Kabla ya saa mbili asubuhi watu wamejaa hadi barazani, bodaboda zimezimwa ovyo, miguu ina tope. Niliwahi kumsikia kijana akidai "ile ya tembo", kwa kuwa mjomba wake Mbeya amevuna nayo vizuri. Yule mama hakuifuata fedha. "Unalima upande gani?" Kijana akataja. "Ule mchanga? Mwanangu, ya tembo inataka mvua ndefu, kwako itatoa mbelewele jua likiwaka. Chukua hii ya muda mfupi, uongeze mtama nusu ekari." Dakika moja haikufika. Afisa ugani wa kata ile ana vijiji kadhaa na pikipiki ambayo mafuta yake huja kwa bahati. Ushauri uliobaki ni huo wa kaunta, na unatolewa bure na mtu ambaye tunamfilisi taratibu.

Nilipokuwa naaga siku ile ya Januari nilimuuliza msimu ujao ataleta ngapi. Alikuwa anafuta vumbi kwenye shelfu kwa kanga, hakugeuka.

"Sitini," akasema. "Na nitaanza kuuza hizi."